Mzigo 'uliokaguliwa' ni upi? Lugha ya yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa ndegeni

KATIKA makala ya awali tulijadili sajili ya mahakamani na ile ya hospitalini. Wiki hii tuangazie sajili ambayo wengi wetu hukutana nayo mara chache, lakini tukikutana nayo hatupewi muda wa kuuliza maswali. Nayo ni sajili ya uwanja wa ndege, hasa lugha inayotumiwa kumweleza abiria vitu anavyoruhusiwa kubeba na asivyoruhusiwa.

Huenda msomaji akauliza: kwani hapo pana suala gani la lugha? Orodha si ni orodha tu? La hasha. Orodha hiyo kwa kawaida huandikwa kwanza kwa Kiingereza na wataalamu wa usalama, kwa misingi ya kemia, fizikia na sheria. Kisha hutafsiriwa, mara nyingi neno kwa neno. Abiria anayeisoma naye huifasiri upya kwa mujibu wa maana alizozizoea tangu utotoni. Baina ya fasiri hizo mbili ndipo samli ya mama inapoishia kwenye pipa la taka, na ndipo betri ya simu inapowekwa mahali ambapo ikishika moto hakuna atakayeuona mapema.

Tuanze na habari njema. Kiswahili hakikosi maneno ya safari. Msamiati wetu wa anga tumeurithi kwa kiasi kikubwa kutoka baharini. Rubani, kabla ya kukalia usukani wa ndege, alikuwa mtu wa kuongoza chombo majini. Abiria na kitenzi chake kuabiri ni maneno yaliyotumika majahazini zamani. Shehena ni neno la bandarini. Kwa hivyo tatizo letu si uhaba wa maneno. Tatizo ni kwamba anayetafsiri hulitazama neno bila kujiuliza jambo linalosemwa ni lipi.

Chukua jina la mzigo wenyewe. Abiria wa ndege huwa na mizigo ya aina mbili. Upo ule anaoingia nao ndani na kuuweka juu ya kiti chake au chini ya kiti kilicho mbele yake. Huo tunauita mzigo wa mkononi, na jina hilo halina kasoro. Upo wa pili, ambao huukabidhi kwenye kaunta ya shirika la ndege, ukapimwa uzani, ukabandikwa lebo na kupelekwa tumboni mwa ndege. Huo wa pili Kiingereza huuita 'checked baggage', na tafsiri nyingi za Kiswahili huuita 'mzigo uliokaguliwa'.

Kosa liko wapi? Kitenzi cha Kiingereza 'check' kina maana zaidi ya moja. Maana moja ni kukagua. Nyingine ni kumkabidhi mtu kitu akuhifadhie, kisha ukichukue baadaye. Mtafsiri alichukua ya kwanza ilhali iliyokusudiwa ni ya pili. Ukweli ni kwamba mizigo yote miwili hukaguliwa. Pale JKIA jijini Nairobi, abiria anayefika kwa gari hushuka na kukaguliwa hata kabla ya kulifikia jengo, kisha hukaguliwa tena na tena akiwa ndani. Kufikia wakati anapoketi ndegeni, begi lake la mkononi ni 'mzigo uliokaguliwa' mara kadhaa! Sasa mwambie mtu huyo: "Usiweke betri za akiba kwenye mzigo uliokaguliwa." Ataelewa nini?

Napendekeza tuseme mzigo wa kukabidhi. Jina hili linaeleza kitendo ambacho abiria mwenyewe anakifanya, na mtu anayesafiri kwa mara ya kwanza ataling'amua bila kufafanuliwa. Wapo wanaosema 'mzigo uliosajiliwa'. Sina ugomvi nao, mradi tuachane na 'uliokaguliwa'.

Mbona nasisitiza neno moja kiasi hiki? Kwa sababu ya ile pawabenki iliyo mfukoni mwa karibu kila msafiri siku hizi. Betri za lithiamu zikipata hitilafu, zikigongwa au zikipitisha umeme mahali pasipofaa, huweza kupata joto linalojiongeza lenyewe hadi zikalipuka moto. Abiria wa kawaida, akiambiwa kitu fulani ni hatari, hutaka kukiweka mbali na watu. Hukisukumia kwenye sanduku la kukabidhi. Kanuni inataka kinyume kabisa cha hayo. Pawabenki na betri nyingine za akiba ni lazima ziwe kwenye mzigo wa mkononi, zikae karibu na watu, ili zikianza kutoa moshi zionekane na wahudumu wazime moto. Tumboni mwa ndege hakuna wa kuona wala wa kuzima kwa mkono.

Hili si jambo la kinadharia. Mnamo Januari 28, 2025, ndege ya shirika la Air Busan iliwaka moto ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Wote waliokuwamo waliondolewa wakiwa hai. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba huenda moto ulianzia kwenye pawabenki iliyowekwa katika kabati la juu ya viti. Tangu Machi mwaka huo, nchi hiyo inawataka abiria wakae na pawabenki zao mahali wanapoziona, si kwenye kabati hilo. Mashirika mengine nayo yamepiga marufuku kuzitumia safarini.

Kuna pia kipimo. Kanuni za kimataifa huruhusu betri isiyozidi saa-wati 100 bila kuomba idhini. Kati ya 100 na 160 ni sharti shirika la ndege likubali, na hazizidi mbili. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi kabisa. Lakini pawabenki zetu huandikwa miliampia, si wati. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha miliampia kwa volti za betri, ambazo kwa kawaida ni 3.7, kisha ugawe kwa 1,000. Pawabenki ya 20,000 hutoa saa-wati 74, nayo inapita. Ya 30,000 hutoa 111, nayo inahitaji idhini. Ikiwa maandishi yamefutika, mkaguzi ana haki ya kuikataa, kwa kuwa hana namna ya kujua kilichomo.

Tuje kwenye vioevu. Hebu sikiliza mazungumzo haya ambayo nimeyatunga, ingawa yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye ukaguzi atayatambua:

MKAGUZI: Mama, hii ni nini kwa mkebe?

ABIRIA: Ni samli, mwanangu. Nampelekea dada yangu.

MKAGUZI: Samli ni likwidi, mama. Haiingii.

ABIRIA: Likwidi? Itazame vizuri basi. Si imeganda?

Nani ana haki hapo? Kwa mujibu wa Kiswahili, ni mama. Iwe tunasema kioevu, kiowevu au kimiminika, akilini mwa msemaji wa Kiswahili hicho ni kitu chenye majimaji, kitu kinachotiririka. Jina kimiminika linatokana na kitenzi miminika. Samli iliyoganda haimiminiki. Wala siagi ya njugu, asali nzito, jeli ya nywele na dawa ya meno hazimo katika kundi moja na maji na soda. Lakini kwa mujibu wa kanuni za usalama, mkaguzi ndiye mwenye haki. Vyote hivyo vimewekwa katika kundi moja.

Kundi hilo lina historia yake. Mnamo Agosti 2006, polisi wa Uingereza walifichua njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikielekea Amerika Kaskazini kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa katika chupa za vinywaji. Kwa wiki kadhaa vioevu vilikatazwa karibu kabisa. Baadaye mwaka huo ikaja kanuni tunayoijua leo: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote vitoshee katika mfuko mmoja unaoonyesha vilivyomo, wa ujazo wa lita moja. Mashine za wakati huo hazikuweza kutofautisha kwa uhakika kilipuzi na mafuta ya kujipaka, ndiyo maana vyote vikafungwa pamoja. Baadhi ya viwanja vya Ulaya sasa vina mashine mpya na vimeanza kulegeza masharti, lakini mwingi wa ulimwengu ungali pale pale. Anayebadilisha ndege njiani akumbuke kwamba huenda akakaguliwa upya kwa kanuni za uwanja huo wa katikati.

Angalia pia kanuni inachokipima. Hupimwa chombo, si kilichomo. Chupa ya mililita 200 iliyobaki na tone moja chini hukataliwa. Tangazo likisema tu "usibebe zaidi ya mililita 100 za kioevu", abiria atabishana kwa haki kwamba yeye amebeba 20 tu. Tangazo linalofaa liseme: "Chombo kisiwe cha zaidi ya mililita 100, hata kama hakijajaa." Dawa za mgonjwa na chakula cha mtoto mchanga huwa na nafuu, lakini zitolewe na kuonyeshwa kando.

Badala ya kung'ang'ania nomino 'kioevu', napendekeza tutumie vitenzi, maana vitenzi ndivyo nguvu ya lugha zetu za Kibantu. Mwulize abiria: Je, kitu hiki humiminwa? Hupakwa? Hukamuliwa? Hupulizwa? Akijibu ndiyo kwa swali lolote, basi kitu hicho kinahesabiwa pamoja na vioevu. Mama wa samli atajibu mwenyewe kwamba samli hupakwa, na ataiweka kwenye mzigo wa kukabidhi akiwa angali nyumbani.

Neno jingine ni silaha. Mtalii anayenunua rungu la Kimaasai pale Namanga haoni silaha. Anaona zawadi ya kutundika ukutani. Fundi haoni silaha katika bisibisi yake, wala mshonaji katika mkasi. Wakaguzi hawaulizi kitu kilitengenezwa kwa kazi gani. Huuliza kinaweza kufanya nini ndani ya chumba kilichofungwa angani. Katika viwanja vya Ulaya, kwa mfano, mkasi ambao makali yake yanazidi sentimita 6 haupiti mkononi. Rungu, kisu cha jikoni na mkuki wa mapambo mahali pake ni kwenye mzigo wa kukabidhi. Hivyo, 'silaha' haitoshi katika tangazo. Tuseme 'vitu vya kukata, kuchoma au kupigia'.

Ndivyo ilivyo pia kwa istilahi bidhaa hatari. Aisikiaye hufikiria bomu na bastola. Hafikirii mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, petroli ya kuchokonolea jenereta, fataki za harusi au dawa ya kung'arisha nguo. Vyote hivi havipandi ndege na abiria, si mkononi, si tumboni. Kibiriti nacho ni cha ajabu: kanuni za kimataifa humruhusu abiria kuwa na kibiriti kimoja mfukoni mwake, lakini si ndani ya mzigo wa kukabidhi. Hata hivyo, viwanja vingine hukikataa kabisa.

Kuhusu vitenzi vya ruhusa, nimewahi kusoma tangazo lililosema: "Huenda ukabeba dawa zako." Nilielewa kilichotokea. Kiingereza hutumia 'may' kwa uwezekano na kwa ruhusa pia. Kiswahili kimezitenga maana hizo. Huenda ni ya mambo yasiyo na hakika, kama mvua. Ruhusa tunaitolea kwa unaruhusiwa au unaweza. Na katazo tulipe jina lake. Marufuku ni katazo la mamlaka. Haramu hubeba pia uzito wa dini. Magendo ni kuingiza au kutoa bidhaa kwa njia ya kuikwepa sheria. Mwenye chupa ya maji amebeba kitu marufuku. Si mtu wa magendo wala hakutenda la haramu. Mkaguzi anayezichanganya istilahi hizi humtukana abiria bila kujua.

Kufikia hapa tumezungumzia usalama wa ndege. Lakini abiria huhukumiwa na mabwana watatu, na mara nyingi lugha ya matangazo huwachanganya. Wa kwanza ni usalama wa safari. Wa pili ni shirika la ndege, lenye masharti ya uzani na idadi. Wa tatu ni sheria ya nchi anakokwenda.

Tuseme msafiri wa Eldoret anampelekea mwanawe mursik huko Ujerumani. Kwa bwana wa kwanza, kibuyu hakiingii mkononi maana kina zaidi ya mililita 100, lakini kikifungwa vyema kinaweza kukabidhiwa. Kwa bwana wa pili hakuna neno iwapo uzani haujazidi. Kwa bwana wa tatu kibuyu kinakwama, kwani Umoja wa Ulaya haumruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka nchi kama yetu, kwa kuhofia magonjwa ya mifugo. Aliyeambiwa Nairobi kwamba "inaruhusiwa" hakudanganywa. Alijibiwa swali moja kati ya matatu.

Mfano mchungu zaidi ni wa miraa. Hapa Kenya ni zao halali la biashara. Uingereza iliipiga marufuku mnamo Juni 24, 2014, baada ya Uholanzi kutangulia mwaka wa 2013. Wala huhitaji kwenda Ulaya kuiona tofauti hiyo. Vuka mpaka uingie Tanzania, na mmea ule ule huitwa mirungi na huhesabiwa kuwa dawa za kulevya. Lugha ni moja, mmea ni mmoja, majina ni mawili, na hukumu ni mbili. Abiria anayelijua jina moja tu anaweza kuisoma orodha ya marufuku yote asijue kwamba imemtaja.

Vivyo hivyo kwa neno dawa. Kwetu, dawa ya kikohozi na ya maumivu ni dawa tu. Katika Milki za Kiarabu, dawa zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa, na anayezibeba hutakiwa kuomba kibali mapema na kuwa na karatasi za daktari. Vijana wetu wengi huenda huko kutafuta kazi. Ni wajibu wa anayewapeleka kuwaeleza hayo kwa lugha wanayoielewa kabla hawajafunga virago.

Nasi pia tuna yetu. Tangu Agosti 28, 2017, Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu yake ni faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo. Lakini Nairobi, mtu aliyezoea kuambia muuzaji "niwekee kwa karatasi" mara nyingi alikuwa akimaanisha mfuko wa plastiki! Mgeni aliyejifunza Kiswahili sanifu akisikia 'karatasi' atadhani karatasi.

Sasa nifikie swali ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Abiria huulizwa: "Umepakia mzigo huu mwenyewe?" Kwa Kiswahili, kupakia ni kuweka mzigo kwenye chombo cha usafiri. Mtu aliyeinua sanduku lake na kulitia katika buti ya teksi atajibu "Naam, mwenyewe", na atakuwa amesema kweli. Kilichokusudiwa kuulizwa ni nani aliyetia vitu ndani ya sanduku hilo. Kitenzi kinachofaa ni kufunga au kupanga: "Ni wewe uliyefunga mzigo huu? Kuna mtu yeyote aliyekupa kitu umbebee?"

Swali hili la mwisho linagongana na utu wetu. Tumelelewa kubeba vifurushi vya jirani. "Mpelekee shangazi hiki kidogo tu" ni ombi ambalo mtu mwenye adabu halikatai. Lakini sheria haitazami adabu. Hutazama begi limekutwa mkononi mwa nani. Zipo nchi, zikiwemo Saudi Arabia, China na Singapore, ambako ulanguzi wa mihadarati unaweza kuadhibiwa kwa kifo. Yale maandishi tunayoyaona kwenye mabasi, "Abiria chunga mzigo wako", humwonya mtu dhidi ya wezi wanaotoa. Ndegeni yana maana pana zaidi: chunga pia wanaotia. Ukiombwa kubeba, kifungue kifurushi mbele ya mwenyewe, uone kila kitu. Akikasirika, mwachie mzigo wake.

Je, mamlaka zinadaiwa nini? Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazozihitaji. Ukiviweka pamoja, tangazo la Kiswahili kinachoeleweka ni haki ya abiria. Ningependa kuona ukutani maneno haya, makubwa, mahali mtu anapoweza kuyasoma kabla ya kukabidhi mzigo:

Pawabenki na betri za akiba: beba mkononi. Usizikabidhi.

Vitu vya kumiminwa, kupakwa, kukamuliwa au kupulizwa: mkononi, chombo kisizidi mililita 100. Vikubwa zaidi, vikabidhi.

Vitu vya kukata, kuchoma au kupigia: vikabidhi.

Petroli, gesi ya kupikia na fataki: acha nyumbani.

Dawa, vyakula na mimea: uliza sheria ya nchi unakokwenda.

Mzigo usioufunga mwenyewe: usiubebe.

Ni mistari sita tu, na hakuna hata mmoja unaohitaji kamusi. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutageukia sajili ya benki, ambako nako kuna mengi 'yaliyokaguliwa' yasiyokaguliwa. Alamsiki!